Bangi Ngara na Biharamulo: jembe, leseni na miaka 30

Mtu akivamia duka mjini Biharamulo akiwa na bunduki, akapora na kutiwa hatiani, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamwekea kifungo kisichopungua miaka 30. Anayepatikana na hatia ya kubaka, adhabu yake inaanzia hapo hapo. Mkulima wa Ngara aliyepanda bangi katikati ya migomba yake, akitiwa hatiani chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, naye anakabiliwa na miaka 30.

Mkulima huyo haendi mbali ili kuiona nchi nyingine inayoutazama mmea huo kwa jicho tofauti. Akipanda kilima tu, Rwanda iko mbele yake. Chini kuna mto Kagera, uliokwishapokea maji ya Ruvubu, ukiporomoka kwenye maporomoko ya Rusumo, na juu ya maji kuna daraja linalopitisha malori ya Dar es Salaam kwenda Kigali. Ng'ambo ya daraja hilo, Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha Oktoba 2020 kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na kuuza nje, na kanuni zake zikatoka Juni 2021. Kampuni yenye leseni inaruhusiwa kupanda huko kitu ambacho upande wa Ngara kinampeleka mtu gerezani hadi ujana wake uishe.

Mjadala wa kuhalalisha bangi umefika Afrika Mashariki kwa kishindo katika miaka hii michache, na mara nyingi unaendeshwa kama ugomvi wa mashabiki: huyu anaapa kwamba mmea huu utalipa madeni ya taifa, yule anaapa kwamba utamaliza vijana wote. Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera mjadala una uzito wake wa pekee, kwa sababu mpaka, msitu, barabara kuu na mkulima mdogo vyote vinakutana hapa. Kabla ya kusikiliza nani anataka nini, inafaa kujua eneo lenyewe na sheria yenyewe.

Kagera inapakana na nchi tatu: Uganda, Rwanda na Burundi. Ngara peke yake inapakana na mbili kati ya hizo. Rusumo inaelekea Rwanda, Kabanga inaelekea Burundi kupitia Kobero. Magari yanayotoka Isaka na Kahama hufika Nyakanazi, ambako barabara ya Kigoma inachepuka, kisha Lusahunga, ambako njia ya Biharamulo na Bukoba inaachana na ile ya Ngara. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Rusumo kilizinduliwa Aprili 6, 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame, ili malori yasikaguliwe mara mbili. Nje ya vituo hivyo kuna njia za panya: vijia vya kwenda kwa shemeji, kwenye mnada au shambani, ambavyo watu wamevipita tangu kabla ya mipaka kuchorwa. Sehemu ya Ngara iitwayo Bugufi ilihesabiwa kuwa upande wa Urundi kabla ya kuingizwa Tanganyika, na Kihangaza kinachosemwa hapo kinasikilizana na Kirundi bila mkalimani.

Kisha kuna historia ya karibuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco ikageuka kuwa mji wa turubai ambao Ngara haikuwahi kuuona. Baada ya miaka hiyo silaha zilizagaa, na kwa muda mrefu mabasi yalivuka mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na askari. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 4,700. Watu wa hapa wanapozungumzia magendo wanazungumzia jambo walilolilipia kwa usalama wao. Mtu wa Dar es Salaam anayewahimiza wasiwe na hofu na bangi hana budi kulikumbuka hilo.

Hata hivyo, Ngara na Biharamulo hazitajwi miongoni mwa maeneo makubwa ya kilimo cha bangi nchini. Majina yanayorudiwa kila mwaka ni bonde la Mto Mara huko Tarime, Kisimiri Juu wilayani Arumeru, pamoja na milima ya Morogoro na Iringa. Huko ndiko Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, hufyeka mamia ya ekari kwa operesheni moja. Mwaka 2023 mamlaka hiyo iliripoti kukamatwa kwa tani zipatazo 1,965 za dawa za kulevya za kila aina nchini, na bangi ilikuwa takriban tani 1,758. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilikuwa mirungi. Watuhumiwa walikuwa zaidi ya 10,000. Kwa maneno mengine, vita ya dawa za kulevya Tanzania, ukiipima kwa kilo, karibu yote ni vita ya bangi.

Sheria inayoongoza vita hiyo ni ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995. Mwaka 2017 ilifanyiwa marekebisho makali, wakati DCEA nayo ikianza kazi kwa nguvu mpya. Inakataza kulima, kumiliki, kununua, kuuza, kuhifadhi na kusafirisha. Inamgusa hata mwenye ardhi anayeruhusu mmea huo upandwe shambani kwake, jambo ambalo wanaokodisha vibanja kwa wageni wasiowafahamu wanapaswa kulijua. Jirani anayekodi robo ekari "ya mahindi" anaweza kupanda bangi humo.

Lipo jambo moja ambalo halitajwi sana kwenye vijiwe. Sheria hii inajua kupima. Kwa msafirishaji, inatazama aina ya dawa na uzito wake: mzigo mkubwa unaleta kifungo cha maisha, mdogo kuliko kiwango kilichowekwa unaleta miaka 30. Kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, imeweka adhabu nyepesi zaidi, faini ikiwemo. Lakini inapofika kwa mlimaji, mizani inawekwa pembeni. Kosa ni kulima. Hakuna mstari unaomtenganisha bibi aliyeacha mashina mawili yaote nyuma ya jiko na mtu aliyefyeka ekari tano ndani ya hifadhi na kuajiri vibarua.

Mahakamani, mlimaji mdogo huumia kwa njia nyingine pia. Ili bangi iwe bangi mbele ya hakimu, majani yaliyokamatwa lazima yafike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na upande wa mashtaka uonyeshe hatua kwa hatua nani aliyakamata, nani aliyapokea, nani aliyafunga kwa lakiri na nani aliyasafirisha. Mahakama ya Rufani imekwisha kuwaachia huru washtakiwa kadhaa wa kesi za dawa za kulevya kwa sababu mnyororo huo ulikatika mahali. Mwenye pesa huweka wakili anayejua kuutafuta mkatiko huo. Mkulima wa kijijini mara nyingi husimama mwenyewe, na mara nyingine hukiri kosa siku ya kwanza akidhani atasamehewa.

Sauti ya kutaka mambo yabadilike imewahi kusikika bungeni, tena ikitoka jirani. Mwaka 2019 Mbunge wa Kahama Mjini, Jumanne Kishimba, aliiomba serikali iruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na biashara ya nje, akitoa mfano wa nchi nyingine za Afrika zilizokwisha kuanza. Kahama ni mji ambao malori ya Rusumo hupita kila siku, na hoja yake ilikuwa ya kibiashara: kwa nini jirani auze na sisi tufyeke? Serikali haikulegeza msimamo.

Hoja ya Kishimba inastahili jibu la hesabu, siyo la kelele, na hesabu hiyo inaanzia Rwanda. Mwaka 2020 Clare Akamanzi, aliyekuwa akiongoza Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, alieleza kwamba hekta moja ya maua huingiza kama dola 300,000, ilhali hekta ya bangi ya dawa ingeweza kuingiza dola milioni 10. Tarakimu hiyo ilisambaa Afrika nzima. Ambacho hakikusambaa sana ni masharti. Shamba la leseni Rwanda linatakiwa kuwa na uzio, kamera, minara ya ulinzi, taa na walinzi. Mazao yote ni ya kwenda nje. Raia wa Rwanda anayeuza urumogi, yaani bangi, mtaani bado anakabiliwa na sheria kali mno, yenye vifungo vinavyoweza kufika maisha. Kilichohalalishwa ng'ambo ya Rusumo ni kiwanda chenye udongo ndani. Mkulima wa kawaida wa Kirehe, wilaya inayotazamana na Ngara, hana ruhusa yoyote ambayo mwenzake wa Ngara amenyimwa.

Nchi nyingine za Afrika zimepita njia hiyo hiyo. Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, ikiwa ya kwanza barani. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018, na ada ya leseni yake ya miaka mitano iliwekwa dola 50,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 100 za Tanzania. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020 na Zambia mwaka 2021. Uganda ilikuwa na mradi wa wawekezaji kutoka Israel huko Kasese uliopeleka mazao nje. Kote huko mkulima aliyekuwa akilima bangi kwa siri tangu enzi za babu yake aliambiwa asubiri, na wenye mitaji wakapita mbele.

Biharamulo wanaweza kuielewa hali hii kuliko wengi kwa sababu wanalima tumbaku. Hilo nalo ni jani lenye madhara, linalolimwa kihalali chini ya Bodi ya Tumbaku, kwa mkataba, pembejeo za mkopo, chama cha msingi na mchambuzi wa madaraja anayeamua jani hili ni la bei gani. Mkulima wa tumbaku hana haja ya kuambiwa kwamba zao kuwa halali hakumaanishi kwamba faida itakaa kijijini. Anayajua makato. Anajua msimu ambao kampuni ilichelewa kulipa. Mwenzake wa Bugufi anayelima kahawa anajua bei ya Ulaya na bei ya mlangoni kwake zinavyopishana. Sasa chukua zao ambalo mnunuzi wake anataka kila kundi la maua lipimwe kemikali maabara, liwe na kiwango kilekile cha viambato kila msimu, na lisiwe na chembe ya dawa ya wadudu. Kwa jembe la mkono na mvua za vuli, hilo halipatikani. Anayewaahidi wakulima wa Nyakahura au Rulenge utajiri wa bangi ya dawa bila kuwaambia haya hajawatendea haki.

Kuna mlango mwingine kabisa wa mjadala huu, nao ni wa kulima nyumbani kwa matumizi binafsi. Huu hauhusu pesa. Unahusu mamlaka ya serikali juu ya kile mtu mzima anachofanya ndani ya ua wake.

Uruguay ilifungua mlango huo mwaka 2013 kwa kuruhusu kaya kupanda mashina sita. Canada, Oktoba 2018, iliruhusu manne kwa kaya. Malta, mwishoni mwa 2021, nayo manne. Ujerumani iliruhusu matatu kwa kila mtu mzima kuanzia Aprili 1, 2024, na ikamzuia asiweke nyumbani zaidi ya gramu 50 za bangi kavu. Thailand ilifungua ghafla mwaka 2022, maduka yakafurika, na mwaka 2025 serikali ikarudi kudai cheti cha daktari. Mfano huo wa mwisho unafaa kukaa mezani kila mara mtu anaposema jambo hili ni rahisi.

Mfano ulio karibu na sisi, na wenye mafunzo zaidi, ni wa Afrika Kusini. Gareth Prince alikuwa Mrastafari aliyesomea sheria. Chama cha wanasheria kilikataa kumsajili kwa sababu alikuwa na makosa ya kumiliki bangi na alisema wazi kwamba ataendelea kuitumia kwa imani yake. Akaenda hadi Mahakama ya Katiba akidai uhuru wa dini. Mwaka 2002 akashindwa, kwa tofauti ya jaji mmoja. Hakuacha. Miaka ilipita, akarudi na hoja nyingine, safari hii ya faragha, akiungana na wengine. Septemba 18, 2018 mahakama ile ile, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilisema kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa kutumia, kumiliki au kupanda bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe kunavunja haki yake ya kikatiba. Bunge lilichukua miaka kuandika sheria ya kuitekeleza hukumu hiyo. Rais Cyril Ramaphosa aliitia saini Mei 28, 2024. Kuuza bado ni kosa. Kumpa mtoto ni kosa.

Kenya imeanza kuipita njia hiyo. Mwaka 2021 jumuiya ya Warastafari ilifungua kesi Mahakama Kuu ya Nairobi ikitaka matumizi ya faraghani yasiwe jinai. Mwaka uliofuata George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kuhalalisha bangi, akajaza viwanja kwa shangwe, na alipohesabiwa akapata kura 61,969, chini ya asilimia moja. Uganda, Mei 2023, Mahakama ya Katiba iliifuta sheria yote ya dawa za kulevya ya 2015, ila kwa sababu ya akidi: Bunge lilikuwa limeipitisha bila idadi ya wabunge inayotakiwa. Walioshtaki walikuwa wakulima wa mirungi. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilikwishapitisha sheria nyingine.

Tanzania nayo ina Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977, inayolinda faragha ya mtu, familia yake na makazi yake, huku ikiruhusu sheria kuiwekea mipaka. Wanasheria wanaweza kubishana siku nzima juu ya upana wa mipaka hiyo. Lakini hukumu ya Afrika Kusini haiwezi kuchukuliwa ilivyo na kupandikizwa Ngara, na sababu zake ni za kimaisha kuliko za kisheria.

Nyumba ya Ujerumani inayopanda mashina matatu ina chumba chenye kufuli. Nyumba ya Ngara iko katikati ya kibanja. Migomba, maharage, mihogo na miche ya kahawa vinaizunguka, mbuzi wanapita, watoto wa jirani wanakata njia kwenda shule. Shina moja la bangi lililostawi juani linaweza kutoa mamia ya gramu, yaani mara kadhaa ya kile ambacho Mjerumani anaruhusiwa kuweka ndani. Ziada hiyo itakwenda wapi? Barabara ya Lusahunga iko hapo, madereva wanalala hapo, bodaboda wanasubiri hapo. Na nani atahesabu mashina? Ni mtendaji wa kijiji na mgambo wake, na kila shina linalozidi litakuwa nafasi ya kumtisha mtu na kumwomba kitu kidogo.

Kuhusu afya, pande zote mbili zina tabia ya kutia chumvi. Bangi ina matumizi halisi ya dawa. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji itokanayo na kiambato cha bangi kiitwacho CBD, kwa aina mbili kali na adimu za kifafa cha utotoni. Viambato vingine hutumika kupunguza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaopewa tiba ya kemikali. Desemba 2, 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye jedwali la dawa hatari zaidi zisizo na faida ya tiba, ingawa imebaki chini ya udhibiti wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 wa dawa za kulevya. Lakini mzazi mwenye mtoto wa kifafa asifikiri kwamba majani ya kuchemsha ni Epidiolex. Dawa ile imesafishwa na kupimwa kwa miligramu. Majani ya shambani yana THC, kiambato kinacholevya, kwa kiasi ambacho hakuna anayekijua, na kumkatisha mtoto dawa za hospitali ili apewe majani kunaweza kumuua.

Madhara nayo ni halisi. Takriban mtumiaji mmoja kati ya kumi hufikia utegemezi, na uwezekano unapanda kwa walioanza wakiwa wadogo. Matumizi ya kila siku ya bangi kali huongeza hatari ya ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona mambo yasiyokuwepo, hasa kwa vijana ambao ubongo wao bado unakua na kwa wenye historia ya maradhi hayo katika ukoo. DCEA imekuwa ikionya juu ya skanka, bangi yenye nguvu kubwa inayoingizwa kutoka nje, na juu ya biskuti na pipi zilizochanganywa bangi. Onyo hilo si propaganda. Kwa mraibu wa heroini kuna methadoni, inayotolewa nchini tangu mwaka 2011. Kwa mraibu wa bangi hakuna dawa mbadala ya namna hiyo. Tiba yake ni ushauri, muda na familia iliyo tayari, na huduma hiyo mtu wa kijijini Biharamulo haioni karibu.

Sasa basi, baada ya kuyapima haya yote, wilaya hizi mbili zinahitaji nini? Leseni za bangi ya dawa zikija leo zitakwenda kwa wenye uzio na kamera. Ruhusa ya kulima nyumbani ikija leo, bila huduma ya afya ya akili na bila polisi wanaoaminika, itawafikia watoto kabla ya kuwafikia wagonjwa. Lakini kukataa mambo hayo mawili hakuhalalishi kuendelea na la tatu, yaani kumfunga mlimaji wa mashina mawili muda ule ule na mnyang'anyi wa bunduki. Hapo ndipo pa kuanzia, na hapahitaji mtu yeyote aipende bangi.

Tena hakuna mkataba wa kimataifa unaozuia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya usafirishaji haramu wa dawa za kulevya, ambao Tanzania ni mwanachama, unaziruhusu nchi kutumia elimu, tiba na kurekebisha tabia badala ya kifungo kwa makosa madogo. Sheria ya Tanzania yenyewe, kama ilivyoelezwa, tayari inapima uzito kwa msafirishaji na kiasi kwa mtumiaji. Kinachotakiwa ni kipimo hicho hicho kiingizwe kwenye kifungu cha kulima: mashina machache ya matumizi binafsi yawe na adhabu ndogo, faini au kazi za jamii, shamba la biashara liendelee kuwa na kifungo kizito, anayelima ndani ya hifadhi au kutumia watoto aongezewe. Hakimu apewe nafasi ya kumtazama aliyesimama mbele yake. Leo, mlimaji akishatiwa hatiani, sheria imekwisha kumwamulia hakimu.

Kuna atakayesema kwamba kulegeza adhabu ni kufungua bwawa. Swali la kumuuliza ni kama ukali umelifunga bwawa hilo. Miaka sita baada ya marekebisho ya 2017, tani 1,758 zilikamatwa kwa mwaka mmoja, na mashamba ya Mto Mara na Kisimiri yalikuwa yakifyekwa tena na tena. Adhabu ya kutisha haijamfanya mwenye ekari aache, kwa kuwa yeye ana fedha za wakili na watu wa kumpa taarifa. Inamwangukia anayekamatika kirahisi.

Kazi hii ni ya Bunge, na Tume ya Kurekebisha Sheria inaweza kuianza kwa utafiti. Wabunge wa Ngara na Biharamulo wana sababu ya kuibeba hoja hii kuliko wengi, na wapiga kura wao wana haki ya kuwauliza kwenye mikutano ya kata wanasimama wapi. Hadi hapo sheria itakapobadilishwa, hakuna leseni ya kulima bangi inayotolewa kwa mkulima yeyote wa Kagera. Akija mtu kijijini, awe na koti au na gari, akasema ruhusa ya Rwanda imevuka mto na kwamba wapande mapema kabla ya wengine, asipewe ardhi wala mbegu zake zisipokelewe. Aliyekodisha kibanja chake aende akaone kinacholimwa humo, na akikuta bangi aripoti kwa mwenyekiti wa kijiji au apige simu ya bure ya DCEA, namba 119, kabla polisi hawajafika na kumkuta yeye ndiye mwenye shamba.